Mwalimu Anaaminiwa kwa Lipi

Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa Afrika Mashariki walioko Guangzhou



Wengi wenu mnaishi Xiaobei au mnapita huko kila wiki, na Kiswahili mnakisikia madukani na migahawani. Kutoka hapo hadi barabara ya Wenming si mbali, ni wilaya ileile ya Yuexiu. Pana jengo lenye mnara wa saa ambalo leo ni jumba la kumbukumbu la mwandishi Lu Xun. Mwaka 1927 jengo hilo lilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen. Lu Xun alifika Januari ya mwaka huo, akapewa idara ya fasihi aiongoze na pia usimamizi wa taaluma wa chuo kizima. Hakudumu. Tarehe 15 Aprili askari wa chama cha Kuomintang walianza kuwakamata wakomunisti na kila aliyeshukiwa kuwa nao, na wanafunzi wa chuo wakachukuliwa. Lu Xun aliitisha kikao cha wakuu wa idara siku hiyohiyo, akataka chuo kisimame kuwaokoa vijana wake. Chuo hakikusimama. Kesho yake aliandika katika shajara kwamba ametoa yuan 10 za kuwafariji waliokamatwa. Tarehe 21 akajiuzulu, na chuo kilipomsihi abaki alikataa. Miongoni mwa waliouawa mwezi ule alikuwamo Bi Lei, mwanafunzi aliyezoea kwenda kumwona.

Nimeanza na habari hii kwa makusudi. Tukiitwa kuzungumzia malezi shuleni, mara nyingi tunaishia kwenye maneno: mawaidha ya mstarini, kaulimbiu iliyoandikwa ukutani, kipindi cha uraia na maadili. Siyadharau. Lakini nashikilia kwamba mwanafunzi humpima mwalimu wake mahali pengine. Anatazama mwalimu anaifanyia nini kazi aliyoiandika yeye mwanafunzi kwa mkono wake, na anatazama mwalimu anasimama wapi siku mwanafunzi anapofikwa na jambo. Akishapata majibu ya hayo mawili, ndipo anapoamua kama mawaidha ya mstarini yanamhusu.

Lu Xun mwenyewe alikuwa ameliona jambo hilo kwa mwalimu wake. Mwaka 1904 alikwenda Sendai, Japani, kusomea udaktari. Alikuwa mgeni katika nchi ambayo wakati ule ilimtazama Mchina kwa dharau, na Kijapani chake kilikuwa bado kinasuasua. Fujino Genkuro, aliyefundisha anatomia, alimwita akamuuliza kama anaweza kunakili mihadhara, kisha akamwagiza alete daftari. Daftari liliporudi, kijana aliona limesahihishwa kwa wino mwekundu tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Yaliyorukwa yamejazwa, na hata makosa ya sarufi yamerekebishwa. Ikawa desturi ya kila wiki mpaka Fujino alipomaliza kufundisha masomo yake. Safari moja alimwonyesha kwamba amechora mshipa wa damu wa mkono mahali pasipo pake ili mchoro upendeze, akamweleza kwamba viungo vya mwili huchorwa vilivyo na wala havipangwi kwa kupendeza. Lu Xun anasimulia kwamba aliitikia huku moyoni akibisha.

Kisha wanafunzi wenzake wakaanza kunong'ona. Mchina huyu amefaulu vipi? Bila shaka Fujino alikuwa anamwekea alama daftarini kwenye maswali yatakayotoka. Walikuja kumpekulia madaftari, akaandikiwa pia barua isiyo na jina. Alimpelekea Fujino habari, marafiki wachache wakamtetea, na uvumi ukafa. Rekodi za chuo zimehifadhiwa hadi leo. Lu Xun alikuwa wa 68 kati ya wanafunzi 142. Alama zake za anatomia zilikuwa 59.3, chini ya 60, na hilo ndilo somo pekee aliloanguka.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu nikiambiwa nichague jambo moja tu la kuwaachia, nitachagua hili. Fujino alikuwa miongoni mwa waliolifundisha somo ambalo kijana huyo aliliangukia. Mwalimu alimhudumia kila wiki, akamjali kuliko mwalimu mwingine yeyote pale, na upendo huo haukumwongezea hata ile sehemu ndogo iliyokosekana kufika 60. Wala mwanafunzi hakuichukua alama ile kama usaliti. Alipoacha udaktari mwaka 1906 aliondoka na picha ya mwalimu wake, na baadaye akaitundika ukutani mbele ya meza yake ya kuandikia Beijing. Aliandika habari za Fujino mwaka 1926, miezi michache kabla ya kuja hapa Guangzhou, akiamini madaftari yale yalipotea wakati wa kuhama nyumba. Hayakupotea. Yalipatikana Shaoxing mwaka 1951, majuzuu sita, mwenyewe akiwa amekwisha kufariki miaka 15 nyuma, na wino mwekundu umo.

Sasa litazameni jambo hilo kwa macho ya nyumbani. Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani la Kenya ilivunjwa baada ya mitihani ya mwaka 2015 kuvuja. Oktoba 2018 Baraza la Mitihani la Tanzania lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za Halmashauri ya Chemba na ya shule nyingine kadhaa, watoto wakarudia mtihani. Magazetini tulisoma habari za wizi, za uongozi na za kufukuzwa kazi. Mimi huwaza zaidi kuhusu yule mtoto wa miaka 13 aliyeletewa majibu na mwalimu wake mwenyewe. Kwa miaka saba mwalimu amemwambia jitahidi, utaweza. Siku ya mwisho anamwonyesha kwa vitendo kwamba hakuamini hata siku moja kuwa ataweza. Mtoto huyo hupoteza vitu viwili kwa pamoja: anajua sasa kwamba mwalimu ni mtu wa kudanganya, na anajua mwalimu alimwonaje. Hili la pili humkaa muda mrefu zaidi. Hata akifika chuo kikuu, hata akija Guangzhou kwa ufadhili, bado anajiuliza kama alama zake ni zake.

Sasa turudi Guangzhou tukaone shule iliyotegemea daftari: tuondoke barabara ya Wenming twende barabara ya Zhongshan ya Nne, si mwendo mrefu. Katika kichochoro cha Changxing pana nyumba ya ukoo wa Qiu. Hapo mwaka 1891 Kang Youwei alifungua shule ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Wanmu Caotang. Kisa cha kufunguliwa kwake ni cha ajabu kwa China ya wakati ule. Mwanafunzi wake mashuhuri, Liang Qichao, alikuwa amefaulu mtihani wa serikali wa ngazi ya jimbo mwaka 1889 akiwa kijana mdogo sana. Kang, aliyemzidi Liang umri wa miaka 15, alikuwa hajaufaulu. Aliufaulu mwaka 1893. Katika nchi ambayo cheo cha mtihani kilikuwa ndicho heshima ya mtu, kijana mwenye cheo alikwenda kukaa chini ya mwalimu asiye nacho. Mwaka 1890 rafiki yake Chen Qianqiu alimpeleka kwa Kang. Walizungumza tangu asubuhi hadi jioni, na Liang anasema usiku ule hakupata usingizi. Alikuta mtu anayehoji yale ambayo yeye aliyakariri na kuyafaulu.

Lakini mazungumzo ya siku moja hayajengi shule. Kilichoijenga Wanmu Caotang, kwa maoni yangu, ni daftari la kazi. Kila mwanafunzi alipewa lake. Akisoma kitu kikamtatiza anaandika, akipata wazo lake mwenyewe anaandika, na kila nusu mwezi daftari linakwenda kwa mwalimu, ambaye hujibu kwa maandishi. Swali la mstari mmoja liliweza kurudi na majibu ya kurasa. Lilikuwapo pia daftari la pamoja la kukuza maadili, ambamo wanafunzi waliandika kwa zamu maneno ya kuwaongoza. Na wanafunzi wa zamani, Liang na Chen wakiwemo, walikabidhiwa kazi ya kuwasaidia wapya.

Najua mnachofikiri. Kang alikuwa na wanafunzi makumi, baadaye kama mia, na kazi yake ilikuwa hiyo tu. Ninyi mtarudi Geita, Kilifi au Bukavu, mkute darasa la wanafunzi 100 na vipindi vya kutwa nzima. Ni kweli, na sitaki kuwapamba kwa maneno. Hata hivyo tufanye hesabu. Mwalimu akisoma madaftari 10 kwa siku, kwa siku 10 za shule amewafikia wote 100. Siku 10 za shule ni wiki mbili, ambazo ndizo nusu mwezi wa Kang Youwei. Sizungumzii kusahihisha zoezi la hesabu kwa alama ya vema. Nasema kurasa chache ambazo mtoto ameandika kile asichokielewa au kile anachokiwaza, na mwalimu anamjibu sentensi mbili zinazoonyesha kwamba amesoma. Madaftari 10 ni kama nusu saa au dakika 40. Muda huo nao una gharama, hasa kwa mwalimu mwenye mshahara mdogo na shamba linalomngoja jioni, na serikali zetu zinapaswa kuona haya kwa mzigo zinaowatwika walimu. Lakini sijaona matumizi mengine ya dakika 40 yanayomfikishia mtoto ujumbe huu kwa uwazi zaidi: nakufahamu wewe, na nafahamu unachokiwaza.

Hapa ndipo kiboko kinapoingia, na sitakwepa kukitaja. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Kwa Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2002 bado zinairuhusu kwa masharti: visizidi vinne, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi. Wote tunajua jinsi masharti hayo yanavyofuatwa. China ilikataza kuwapiga wanafunzi katika sheria yake ya elimu ya lazima ya mwaka 1986. Mabishano yetu kuhusu viboko huwa ni juu ya nidhamu: vinasaidia au havisaidii. Mimi nina hoja finyu zaidi. Mtoto anayepigwa kwa kukosea hawezi kukuandikia asichokijua. Ataandika kile asichopigiwa, atanakili kwa jirani, atanyamaza. Mwalimu atakusanya madaftari 100 yaliyo safi na hatajua ni wapi watoto wake wamekwama. Fujino aliweza kuuona mshipa uliochorwa vibaya kwa sababu kijana hakuogopa kumpelekea daftari lenye makosa.

Nirudi kwa Liang, maana kisa chake na Kang kina upande ambao wengi wetu tungependa kuuruka. Mwaka 1898 mageuzi waliyoyapigania Beijing yaliporomoka baada ya siku mia moja hivi, wote wawili wakakimbilia ng'ambo na Wanmu Caotang ikafungwa. Ugenini njia zao zilianza kuachana. Mwaka 1917 Jenerali Zhang Xun alijaribu kumrudisha mfalme katika kiti, na Kang alikuwa pamoja naye. Liang alipinga hadharani, akashirikiana na waliolizima jaribio hilo. Mwalimu alikasirika vibaya. Wapo walioona kwamba hapo malezi yalishindwa.

Sikubaliani nao hata kidogo. Kijana aliyefunzwa na Kang kuandika shaka zake kila nusu mwezi, akajibiwa kwa uzito badala ya kukemewa, alikua akawa mtu anayeweza kumwambia mwalimu wake hapana mbele ya taifa zima. Kang alipofariki mwaka 1927, Liang ndiye aliyeongoza ibada ya kumwombolezea Beijing. Heshima ilibaki pamoja na upinzani. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zimpe mtoto akili ya kudadisi, uwezo wa kuchukua kwa wengine na kukataa kisichomfaa, na kujiamini kwa mtu aliye huru na sawa na wenzake. Tumeunukuu waraka huo kwa miaka zaidi ya hamsini, na bado mtoto anayemsahihisha mwalimu ubaoni huitwa mtovu wa adabu. Mwalimu anayetaka kujua kama wanafunzi wake wanamwamini na ajiulize ni lini mara ya mwisho mmoja wao alimpinga mbele yake, kwa adabu na bila kutetemeka.

Miaka ya 1920 Liang alikuwa akifundisha Tsinghua, Beijing, katika taasisi ndogo ya elimu ya China ambako alikuwapo pia mwanahistoria Chen Yinke. Miongoni mwa wanafunzi wao alikuwa Liu Jie. Chen na Liu wote wawili walikuja kukutana tena hapa Guangzhou, na mkienda kampasi ya kusini ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, wilaya ya Haizhu, mtaiona nyumba ya Chen, na mbele yake njia nyembamba nyeupe. Njia hiyo ilipakwa rangi kwa sababu Chen alikuwa amepoteza karibu nuru yote ya macho tangu mwaka 1945, na weupe peke yake ndio alioweza kuufuata anapotembea. Alifundishia nyumbani, barazani, penye ubao na viti vya wanafunzi. Walioingia darasa lake walikuwa wachache. Inasimuliwa kwamba hata wakija wawili watatu alivaa kwanza kanzu yake ndefu ya heshima ndipo akaanza kufundisha.

Liu Jie naye alikuwa profesa wa historia chuoni hapo, na aliwahi kuwa mkuu wa idara. Kila mwaka mpya wa Kichina alikwenda kumsujudia mwalimu wake kwa desturi ya zamani, ingawa mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye wanafunzi wake. Ulipofika wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, vijana wa Walinzi Wekundu walitaka kumbeba Chen, kipofu aliyevunjika mguu mwaka 1962, wamweke jukwaani ashutumiwe mbele ya umati. Mkewe, Tang Yun, alijaribu kuwazuia wakamsukuma akaanguka. Liu Jie alijitolea kusimama badala ya mwalimu wake. Akasimama. Alipoulizwa anajisikiaje, alijibu kwamba ni heshima kubwa kwake kushutumiwa kwa niaba ya mwalimu.

Siwaletei kisa hiki mkakitamani. Hakuna mwalimu anayepaswa kutaka mwanafunzi wake ateseke kwa ajili yake, na waliomtesa Liu walikuwa nao wanafunzi, jambo linaloniumiza kila ninapolikumbuka. Chuo kilekile, ualimu uleule, na bado vijana wengine waliutumia ujana wao kuwapiga walimu. Tofauti, ninavyoiona mimi, ni kwamba wale vijana walikuwa wamefundishwa kumwona profesa kama jina kwenye bango. Liu Jie alimwona mtu ambaye alimjua kwa miaka 40, ambaye alivaa kanzu yake kwa ajili ya wasikilizaji wawili.

Imebaki sehemu ngumu, nami nisingependa mwondoke bila kuisikia. Imani ya mwanafunzi ni nguvu mikononi mwa mwalimu, na nguvu hiyo inaweza kutumiwa vibaya. Atakayesoma habari za Lu Xun atakutana na Xu Guangping, mzaliwa wa Guangzhou, aliyekuwa mwanafunzi wake Beijing, akamwandikia barua ya kwanza Machi 1925, akawa msaidizi wake hapa mwaka 1927 na hatimaye mwenza wake. Alikuwa mwanamke mtu mzima, na maisha yao waliyajua wenyewe. Hata hivyo simfanyi Lu Xun kuwa mfano katika hilo. Katika shule zetu, mwalimu anayepokea maandishi ya binti wa kidato cha pili amepewa amana, na akiitumia kumsogelea, hakuna wino mwekundu utakaomsaidia binti huyo kumwamini mtu mzima mwingine.

Kwa hiyo utaratibu wa daftari uwe na kanuni zinazojulikana. Lisomwe shuleni, lisipelekwe nyumbani kwa mwalimu. Majibu yaandikwe humo humo, yasihamie kwenye simu. Mkuu wa shule ajue kwamba madaftari yapo. Na kuna siku, nawahakikishieni, mtoto ataandika kwamba nyumbani anapigwa, au kwamba kuna ndugu anamfanyia jambo asiloweza kulitaja. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Mwalimu hawezi kumwahidi mtoto siri ambayo sheria haimruhusu kuitunza. Akimwahidi halafu akaitoa, mtoto atajiona amesalitiwa mara ya pili. Basi siku ya kwanza, kabla hamjagawa madaftari, waambieni watoto kwa lugha wanayoielewa ni mambo gani yatabaki kati yenu, ni yapi mtalazimika kuyafikisha mbele, na kwa nani. Kisha rudieni kuwaambia muhula unaofuata, kwa sababu watakuwapo waliohamia na hawakuwasikia.